Nani Alimnyima Mwana Mpotevu Chakula?

Mark Allan Powell, msomi Mmarekani wa Agano Jipya aliyefundisha katika seminari ya Kilutheri mjini Columbus, Ohio, alifanya jaribio ambalo halikuhitaji hata senti moja. Aliwataka watu wasome kisa cha mwana mpotevu katika Luka 15, wafunge kitabu, kisha wasimuliane wawili wawili kama walivyokishika. Kati ya Wamarekani 100 aliowapima, kila mmoja alikumbuka kwamba kijana alitapanya mali. Baa la njaa lililoikumba nchi ile lilikumbukwa na watu 6. Alipolirudia jaribio St Petersburg, Urusi, kwa watu 50, njaa ilitajwa na 42. Kisha akaja Tanzania, akawauliza wanafunzi wa theolojia swali la moja kwa moja: kwa nini kijana yule aliishia kushinda na njaa zizini mwa nguruwe? Wengi hawakusema ni kwa kutapanya, wala hawakusema ni kwa baa la njaa. Walisema ni kwa sababu hakuna mtu aliyempa kitu.

Ukifungua Luka utayakuta yote matatu. Utapanyaji uko mstari wa 13, baa la njaa mstari wa 14, kunyimwa mstari wa 16. Hakuna aliyeongeza neno lake.

Powell aliyaeleza haya katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, na ni rahisi kuyapokea kama kichekesho: kila mtu huona alichozoea, basi, twende zetu. Naona yanauma zaidi ya hapo, ndiyo maana nimeyatafutia wasemaji. Yuko Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyestaafia Tanga. Yuko Binti, mtoto wa mdogo wake, anayesoma theolojia. Yuko Ustadhi wa madrasa, jirani yao. Na yuko Mama, mke wa Mchungaji. Ni Januari, wenye nyumba wametoka Moshi kula Krismasi, wamekaa barazani. Watu hawa nimewatunga mimi ili hoja zipate midomo, kwa hiyo ukiwatafuta Tanga hutawapata, ingawa hutakosa wanaofanana nao.

MCHUNGAJI: Niseme wazi, hao wanafunzi wetu wamenikera. Kijana anamwendea baba aliye hai na kumdai urithi. Anasafiri, anaimaliza mali na makahaba, anafilisika. Halafu lawama anabebeshwa mwenye nguruwe?

BINTI: Baba mkubwa, kwa heshima zote, hao makahaba umewapata wapi?

MCHUNGAJI: Si wamo humo humo?

BINTI: Wamo mstari wa 30, kinywani mwa kaka mkubwa, tena amekasirika, na nchi ile ya mbali hakuwahi kuikanyaga. Luka anaposimulia mwenyewe anasema kijana aliishi maisha ya ovyo. Anaishia hapo.

USTADHI: Kwa kadhi, mtu ambaye hakuwapo, na tena ana ugomvi na mshtakiwa, ushahidi wake haupokelewi.

MCHUNGAJI: Haya, makahaba tumewatoa. Mali imekwisha, haikwisha?

Niingilie kidogo. Wale makahaba wa kaka mkubwa wamehamia kwenye simulizi yenyewe, na wengi wetu tungeapa kwamba tumewasoma pale pale kijana anapofilisika. Hata jina la kisa si la Luka. Vichwa vya habari katika Biblia zetu vimewekwa na wahariri na wachapaji, kama vile mgawanyo wa mistari ya Agano Jipya tunaoutumia ulivyokuja na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Simulizi yenyewe inaanza na mtu aliyekuwa na wana wawili. Ukishasoma juu yake “mwana mpotevu”, umeshaelekezwa umtazame nani na ana kosa gani, na bado hujafika sentensi ya kwanza.

BINTI: Mali imekwisha, kweli. Lakini fedha za mgeni huisha, baba mkubwa. Hajui bei, hajui nani wa kumwamini, hana mjomba wa kumkimbilia. Ndivyo wale wanafunzi walivyomweleza Powell: mhamiaji kufilisika ugenini si jambo la ajabu. La ajabu ni watu wa nchi nzima kumwona akitamani chakula cha nguruwe, na asitokee hata mmoja. Torati imejaa amri za kumtunza mgeni, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Basi wanafunzi wale wakaona humo jamii mbili. Kuna nyumba ya baba, ambako hata asiyestahili anapokelewa, na kuna nchi ya mbali, ambako mtu hapewi kitu.

MCHUNGAJI: Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mmeiweka wapi? Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoandika juu ya ujamaa, kuonyesha kwamba ukarimu wetu haukuwa wa kufuga wavivu. Sasa yule mwenyeji alifanya nini? Alimpa jembe! Alimpeleka shambani kwake, akampa kazi. Ulitaka ampe nini zaidi?

BINTI: Posho. Aliyepewa jembe hula alicholima. Huyu kapewa kazi na anakufa njaa akiwa kazini. Tazama mstari wa 17, anapozingatia moyoni mwake: kitu cha kwanza kumjia kichwani ni vibarua wa baba yake, wanaokula na kusaza. Analinganisha mwajiri na mwajiri. Toba inafuata baadaye.

MCHUNGAJI: Hilo la vibarua sijawahi kulihubiri.

BINTI: Unalikataa?

MCHUNGAJI: Silikatai. Nasema sijawahi kulihubiri.

USTADHI: Mimi ni mgeni katika kitabu chenu na mnanivumilia. Lakini mbona nguruwe mnampita mbio hivyo? Waliokuwa wakimsikiliza Nabii Isa walikuwa Wayahudi. Kijana wao kulisha nguruwe, tena kutamani maganda wanayokula, hapo fedheha haina tena pa kushuka. Mimi nikisikia tu mwili unanisisimka. Nyinyi kule kwenu Moshi...

MCHUNGAJI: Kule kwetu Moshi nguruwe ni ada ya shule.

BINTI: Na Jumamosi ni kiti moto.

USTADHI: Ndicho ninachosema. Nyinyi mnaona ajira, mimi naona najisi. Na kwa hapo tu, nadhani waliokisikia kisa hiki mara ya kwanza walikuwa karibu na mimi kuliko na nyinyi.

Ustadhi ana haki, na jambo lenyewe ni la kustaajabisha: Mwislamu wa Tanga aweza kuusikia mstari wa Luka kama walivyousikia wasikilizaji wake wa kwanza, mahali ambapo Mkristo aliyebatizwa utotoni anapita bila kushtuka. Kumiliki kitabu hakumfanyi mtu awe msikilizaji wake wa karibu zaidi.

MCHUNGAJI: Basi nami niwaambie ninaposimama. Kenneth Bailey, aliyeishi na kufundisha miaka mingi Mashariki ya Kati, aliandika mwaka 1976 juu ya mifano ya Luka. Alikuwa akiwauliza watu wa vijiji vya huko: mtoto akidai urithi baba angali hai, maana yake nini? Wakamjibu kwamba anamtakia baba kifo. Mimi sikuhitaji kwenda Lebanoni kulijua hilo. Kwetu Uchaggani kitindamimba ndiye wa kubaki kwenye nyumba ya baba, awatunze wazee, awazike hapo hapo kihambani, kwenye shamba la ukoo. Sasa nasoma kwamba aliyedai chake na kuondoka ni yule mdogo! Hao Wamarekani wako wameona pochi. Warusi wameona tumbo. Wenzako wa chuoni wameona ukarimu. Mimi naona kihamba kimeuzwa.

BINTI: Sasa huoni, baba mkubwa, kwamba na wewe uko ndani ya jaribio la Powell?

MCHUNGAJI: Naona, na ndicho kinachonitisha. Kama kila mtu anasoma akiwa amesimama kwake, Neno linabaki wapi? Kitabu kinakuwa kioo. Unainama kukisoma, unakutana na uso wako mwenyewe, unainuka umefurahi, unasema Mungu amesema nami.

Hofu hiyo siidharau. Lakini tuanze na Warusi. St Petersburg, wakati ukiitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na raia waliokufa humo kwa njaa wanahesabika kwa mamia ya maelfu. Katika mji wa namna hiyo, aliyewahi kusikia nyumbani simulizi za mzingiro hawezi kulifanya baa la njaa kuwa maelezo ya pembeni. Watu wa Powell pale walimwambia kosa la kijana lilikuwa kudhani kwamba anaweza kujitegemea peke yake. Njaa ndiyo iliyomfunua. Sasa mgeukie Mmarekani. Duka halijawahi kumwishia chakula, kwa hiyo njaa kwake ni ajali ya kisimulizi, iliyowekwa pale kumwadhibu asiyejua kutunza fedha. Nani kati yao ameuvuruga mstari? Mimi naona wa kwanza ameuona, wa pili ameuruka. Na aliyeuruka alikuwa na kitabu kile kile mkononi, dakika chache tu kabla. Uzoefu wa Mrusi haukumziba macho. Ulimfumbua.

USTADHI: Mchungaji, hofu yako kwetu ina umri mrefu. Mwaka wa 5 Hijria, baada ya vita vya Handaki, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia masahaba mtu asiswali Alasiri ila akifika kwa kabila la Bani Quraidha. Wakiwa njiani, wakati wa swala ukakaribia kutoka. Kundi moja likasema: tumeamrishwa, hatuswali mpaka tufike. Jingine likasema: alikusudia tufanye haraka, hakukusudia swala itupite. Hao wakaswali njiani. Alipopelekewa habari hakulaumu upande wowote. Imo katika hadithi za Bukhari.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo wote walikuwa sahihi.

USTADHI: Ah, hapo nako wanazuoni wamegombana! Wako waliosema wote walipata. Wako waliosema mmoja alipata, na mwingine alikosea ila ana ujira wake wa kujitahidi. Lakini angalia vitu viwili. Wote walikuwa njiani wanakwenda. Hakuna aliyebaki kitandani akasema nami nina mtazamo wangu. Na amri ilikuwa ile ile kwa makundi yote mawili, hakuna aliyeigusa.

BINTI: Na zile kauli mbili za Imam Shafi, Ustadhi?

USTADHI: Kauli ya kale ni ya Iraki, mpya ni ya Misri. Alihamia Misri mwishoni mwa maisha yake, akafia huko mwaka 820, na katika masuala mengi aliyaacha aliyoyafundisha Baghdad. Watu wanapenda kusema Misri ilimgeuza. Taratibu hapo! Wanazuoni wa madhehebu yake watakwambia kilichomgeuza ni dalili, hadithi alizozipata na hoja alizozipima upya. Mimi naongeza langu dogo: angebaki Baghdad asingekutana na wanazuoni wa Misri wakamhoji. Mwambao huu wetu ni wa Shafi tangu enzi za wazee. Ina maana tunamfuata mtu aliyekuwa tayari kurudia kusoma, na jina lake lilikuwa limeshakuwa kubwa.

MCHUNGAJI: Nyinyi mna nafuu, Kiarabu kinabaki pale pale.

USTADHI: Kiarabu kinabaki, ila njoo kwenye Kiswahili uone. Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA Zanzibar, alitoa tafsiri ya Kurani mwaka 1923, na maelezo yake ni ya mtu anayebishana na Uislamu. Mwaka 1953 Waahmadiyya wakatoa yao. Mwaka 1969 ikakamilika ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, naye katika maelezo anawajibu waziwazi. Ukiwa na vitabu vyote vitatu mezani, utaona aya ni zile zile. Vita viko chini ya ukurasa.

Mchungaji alikuwa na la kujibu, ila Binti alimtangulia, na kwa maoni yangu hapa ndipo hoja ya kioo ilipovunjika.

BINTI: Baba mkubwa, mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya sehemu teule, kwa ajili ya watumwa weusi wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Karibu asilimia 90 ya Agano la Kale haimo. Nusu hivi ya Agano Jipya haimo. Yusufu aliyeuzwa utumwani na kutumika kwa uaminifu, yumo. Kutoka kwa wana wa Israeli Misri hakumo. Paulo akiwaambia watumwa wawatii mabwana zao, yumo. Paulo akiwaambia Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru, hayumo. Sasa niambie. Kama kitabu ni kioo tu, kwa nini walihitaji mkasi? Si wangeacha kila kitu mahali pake, wajitazame humo na kuona sura za mabwana?

USTADHI: Walijua kuna sauti isiyo yao ndani yake.

BINTI: Na walijua ni nani angeisikia. Bwana shamba anaweza kuisoma Kutoka maisha yake yote na asione kitu zaidi ya habari za Farao wa zamani. Mtumwa akiisikia mara moja, anajua inamhusu nani. Mkasi ule ulishikwa kwa sababu ya huyo msikilizaji wa pili.

MCHUNGAJI: Nimekusikia. Sasa nami nikupe wangu. Howard Thurman, mwanatheolojia Mmarekani mweusi, katika kitabu chake cha mwaka 1949 anamtaja bibi yake aliyezaliwa utumwani. Bibi hakujua kusoma, mjukuu ndiye alikuwa akimsomea Biblia. Barua za Paulo alizikataa, isipokuwa mara moja moja ile sura ya upendo ya Wakorintho wa Kwanza. Akaeleza sababu: enzi za utumwa, mhubiri aliyeletwa na bwana alikuwa akiwahubiria kutoka kwa Paulo kwamba watumwa watii. Akaapa kwamba akiwa huru na akijua kusoma, sehemu hiyo hataisoma. Haya, bibi naye hakushika mkasi?

BINTI: Siyo sawa.

MCHUNGAJI: Kwa sababu unampenda bibi na unawachukia wale wa London. Mimi pia. Lakini nakuuliza juu ya kitendo.

USTADHI: Wale wa London walikata ili wengine wasisikie. Bibi alikataa kwa masikio yake mwenyewe, kitabu cha mjukuu wake kikabaki kizima. Na mjukuu akaenda kusoma vyote, akaandika.

MCHUNGAJI: Ni tofauti, nakubali. Bado ni kukata.

Sina haraka ya kumwokoa bibi yule mikononi mwa Mchungaji, maana swali lake ni la haki na jibu la Ustadhi halilimalizi. Ninachokiona ni kwamba mstari haufiki kwetu mtupu. Unafika na sauti ya aliyetusomea kwanza, na kama aliyetusomea alikuwa na mjeledi kiunoni, mtu anaweza kuhitaji maisha yake yote kuutenganisha mstari na mjeledi. Wako wasiofika. Anayewaambia warudi kwenye maandishi na waache uzoefu wao mlangoni, mara nyingi uzoefu wake mwenyewe hajauacha popote. Amezoea tu kuuita maandishi.

Kwa hiyo nikisikia tafsiri mbili zinagombana, nina swali moja ninaloliweka mbele ya mengine: kila moja inamdai nani? Ya Wamarekani inamdai kijana peke yake. Mwenye nguruwe anatoka humo hana deni, na baa la njaa halina wa kuuliza. Ya wanafunzi wa Tanzania inamdai mwenye nguruwe. Hapo nilikuwa tayari kuwapa Watanzania ushindi, mpaka nilipompa Mchungaji nafasi ya kusema tena.

MCHUNGAJI: Sasa na mimi nikuulize, mwanangu. Nchi ya mbali, umesema, ni ile isiyompa mgeni kitu. Sisi ni nchi ya mbali ya nani?

BINTI: Sisi?

MCHUNGAJI: Sisi Watanzania. Nyarugusu, kule Kigoma, ni kambi tangu 1996. Wamekimbilia humo Wakongo na Warundi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na asiyetoka hawezi kutafuta kibarua hata cha kulisha nguruwe. Wenzako walipomwambia Powell kwamba hakuna aliyempa kijana kitu, walijiweka upande gani wa kisa? Nadiriki kusema walijiweka nyumbani kwa baba. Waliokosa ukarimu walikuwa watu wengine, wa mbali.

BINTI: Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972.

MCHUNGAJI: Baada ya miaka 42. Na nchi chache duniani zimefanya hivyo, nalisema kwa fahari. Lakini wa Nyarugusu si hao. Wewe umesema mtumwa aliisikia Kutoka ambayo bwana hakuisikia. Basi mstari wa 16 ukasomwe Nyarugusu, tusikie wenyewe wanamweka nani zizini na nani mwenye zizi.

BINTI: Hilo halikutokea darasani kwetu.

MCHUNGAJI: Wala kanisani kwangu.

Mama alikuwa akichambua mchele tangu mwanzo, na ukimya wake walikuwa wameuzoea.

MAMA: Mmeshamaliza? Mmemsema kijana, mmemsema baba, mmemsema mwenye nguruwe, mmewasema na nguruwe wenyewe. Yule wa shambani hakuna aliyemwita. Kama wao walivyofanya.

MCHUNGAJI: Kaka mkubwa? Yule mwenye kinyongo?

MAMA: Soma mstari wa 25. Yeye yuko shambani. Anakaribia nyumba, anasikia ngoma. Ndama ameshachinjwa, watu wanacheza, na inabidi amuulize mtumishi kuna nini kwao! Hakutumwa hata mtoto kwenda kumwita. Na ndama alikuwa wa nani? Mstari wa 12 baba ameshagawa mali. Kwa Torati, Kumbukumbu 21, mkubwa ana mafungu mawili. La mdogo liliondoka na mdogo, likaliwa huko. Kilichobaki nyumbani ni fungu la mkubwa, na baba mwenyewe anakiri mstari wa 31. Wamemchinjia aliyemaliza chake, kwa mnyama wa aliyebaki, na aliyebaki hajaulizwa.

USTADHI: Mama Mchungaji, kisheria baba akiwa hai huwa bado ana mamlaka ya kutumia.

MAMA: Mamlaka anayo. Sijasema ameiba. Nimesema hajauliza.

BINTI: Mama mkubwa, mbona makanisani kaka huyu ni Farisayo tu? Mwanzo wa sura Mafarisayo na waandishi wananung'unika, na mwisho wake yeye ananung'unika. Ndivyo tunavyofundishwa.

MAMA: Mnafundishwa na walioondoka nyumbani. Chuo ni cha walioondoka. Uchungaji ni wa walioondoka. Huyu baba yako mkubwa ndiye mkubwa kwao, lakini aliyekaa na wazee ni nani? Si baba yako, kitindamimba? Kahawa aliipalilia nani, bibi yako alipougua nani alikuwa akimgeuza kitandani usiku? Sisi tulikuwa huku Tanga na usharika. Kila Desemba tunapanda, gari linasikika getini, watoto wanakimbia. Mbuzi anachinjwa. Na anayeombwa kubariki chakula ni Mchungaji. Mbuzi wa mwaka huu alikuwa wa nani?

MCHUNGAJI: Wa mdogo wangu.

MAMA: Ulimuuliza?

BINTI: Mama mkubwa, baba hajawahi kulalamika.

MAMA: Na yule wa Luka alikuwa hajawahi, mpaka siku ile. Anasema mwenyewe: miaka yote hii ametumika.

USTADHI: Na kisa hakisemi kama aliingia ndani au hakuingia.

MCHUNGAJI: Ngoja, msimtangaze mtakatifu. Mama ametaja mstari wa 12, nami narudi hapo hapo. Baba hakumgawia mdogo peke yake. Anasema aliwagawia wote wawili. Mdogo amedai, baba anatukanwa, na mkubwa yupo. Kwetu mkubwa ndiye wa kusimama hapo, amshike ndugu yake, amsihi baba asikubali. Huyu hasemi kitu. Anapokea mafungu yake mawili, ananyamaza. Miaka ile yote anayosema ametumika, alikuwa anatumika kwenye mali ambayo tayari ni yake.

MAMA: Anayesema hayo ni aliyeondoka nyumbani.

MCHUNGAJI: Ndiye. Sasa nionyeshe niliposoma vibaya.